Jinsi ya Kuchunguza kwa Altrasaundi Madhara ya Sindano za Kujaza Uso

Mgonjwa aliyechomwa sindano za kujaza uso akirudi na uvimbe au kinundu, jambo la kwanza kutafuta ni kilichowekwa na tabaka kilimokaa. Wagonjwa wengi hawajui walichomwa nini, na wengine wamepitia mikono ya watoa huduma kadhaa. Kwa hiyo iamini picha kuliko maelezo.

Hata hivyo, maumivu makali pamoja na ngozi iliyopauka au kufanya madoa ya zambarau yachukuliwe kuwa dalili ya ateri kuziba, na matibabu yasingoje mashine. Katika ngozi nyeusi dalili hizo hujificha, hivyo bonyeza ngozi na midomo, uone damu inarejea upesi kiasi gani. Kutoona vizuri ni dharura ya kupeleka hospitali papo hapo.

Tumia proba (kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi) bapa ya megahezi 15 au zaidi, kwa kuwa tabaka za uso ni nyembamba. Paka jeli nyingi na ushike proba kwa wepesi, maana ukikandamiza, mishipa midogo hujifunga nawe utadhani damu haipiti. Anzia upande usio na tatizo ili upate cha kulinganisha.

Asidi ya hayaluroni, moja ya vitu vinavyochomwa kujaza uso, huonekana kama vidimbwi vyeusi, japo usaha nao waweza kuonekana hivyo, hasa pakiwa na joto na wekundu. Kalsiamu haidroksilapataiti, kijazio kingine, hung'aa na kuacha kivuli chini yake, ilhali silikoni ya majimaji hutanda kama ukungu mweupe unaoficha kila kilicho nyuma yake. Kutofautisha huku ndiko kiini cha uchunguzi, kwa sababu kimeng'enya cha hayaluronidesi huyeyusha asidi ya hayaluroni tu. Kukichoma kwenye silikoni ni kupoteza dawa na muda.

Kisha washa Dopla (sehemu ya mashine inayoonyesha mtiririko wa damu), ushushe kipimo cha kasi ili mtiririko hafifu uonekane, na uifuate ateri ya uso kuanzia ukingo wa taya, kupitia kando ya mdomo, hadi ubavuni mwa pua. Mtiririko unapokatika jirani na dimbwi jeusi, hapo ndipo pa kuelekeza hayaluronidesi, huku ncha ya sindano ikionekana kwenye skrini muda wote. Ukimaliza, pima tena mtiririko na rangi ya ngozi, na uandike kwenye faili kina cha kilichowekwa kwa milimita, ukubwa wake na ateri iliyo karibu nacho.