Andika kwanza, injini baadaye: kuchambua mchezo wako wa chesi kwa simu

Jumamosi iliyopita hapa Walukuba, Jinja, nusura kikomando (chapati na maharage) kimwagike juu ya ubao. Vijana wawili walikuwa wamemaliza mchezo wa vuta nikuvute, na kabla hawajapeana mikono, watazamaji walikwisha kuchomoa simu zenye injini, zile programu zinazocheza chesi na kupima kwa namba nani ana nafuu. "Jumlisha mbili nukta tatu!" mmoja akapiga kelele. "Yangu inasema mbili nukta nane!" Wakaanza kubishana simu ya nani ina akili zaidi. Wale waliocheza hakuna aliyewauliza walikuwa wanafikiria nini.

Ushabiki huo naujua, hata mimi unanikamata. Mwaka 1997, Deep Blue, kompyuta ya IBM, ilipomfunga bingwa wa dunia Garry Kasparov kule New York kwa pointi 3.5 kwa 2.5, lilikuwa dude la makabati lililopima nafasi karibu milioni 200 kwa sekunde. Leo Stockfish, injini ya siku hizi, unaipata bure, unaitia kwenye simu uliyonunua laki mbili na nusu, na dude lile lisingefua dafu mbele yake. Magnus Carlsen, aliyefika 2882 mwezi Mei 2014, kiwango ambacho hakuna binadamu mwingine amewahi kukifikia kwenye orodha ya FIDE, shirikisho la chesi duniani, naye angefungwa na simu hiyo hiyo iliyopasuka kioo. Basi lazima mtu ashangae. Lakini wengi wetu tumeishia kwenye kushangaa, na Jumamosi ikija tunaangusha farasi pale pale tulipomwangusha wiki iliyopita.

Maneno kwanza. Nikisema askari, ni zile kete nane za mbele. Askofu ni yule anayekwenda kimshazari. Na e4 au g6 ni anwani ya mraba: herufi ni safu ya wima, namba ni safu ya mlalo. Najua baadhi yenu mna majina mengine, tutagombania siku nyingine.

1. Andika mchezo wako wakati unacheza. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Ukingoja ufike nyumbani utaandika mchezo ambao ungependa uwe umecheza.

2. Kaa nao bila simu, angalau dakika ishirini. Tafuta sehemu tatu: pale ulipofikiri muda mrefu kuliko kwingine, pale uliposhtuka, na pale ulipohisi mambo yamegeuka. Pembeni ya kila moja andika ulichotaka kufanya na kwa nini. Usiandike "nilikosea". Andika "nilidhani askofu wake hawezi kurudi" au "niliogopa ngome yake kwenye mstari wa e". Sehemu hii watu huiruka kwa sababu inachosha na haina namba ya kumtambia mtu. Mimi niliiruka miaka mitatu, na miaka hiyo mitatu sikupanda hata kidogo. Injini itakuambia hatua bora ilikuwa ipi, lakini kosa lako lilizaliwa na wazo fulani, na wazo hilo unalijua wewe peke yako. Usipoliandika usiku ule ule, kesho limekwisha kupotea.

3. Sasa fungua injini. Asiye na bando apakue programu ya DroidFish mara moja kwenye Wi-Fi ya mtu. Ndani yake kuna Stockfish, na inafanya kazi bila intaneti. Mwenye bando aingie tovuti ya Lichess, ni bure pia. Kwenye mpangilio, iambie ikuonyeshe mistari mitatu badala ya mmoja, yaani mifululizo mitatu ya hatua inazopendekeza. Ukiona mstari mmoja unadhani ndiyo njia pekee. Ukiona mitatu, mara nyingi unagundua hatua yako ilikuwa ya pili, imepishana na ya kwanza kwa 0.2 tu, na umejilaumu bure.

Kuhusu namba: Lichess huonyesha jumlisha kama nyeupe ana nafuu na toa kama nyeusi ana nafuu. Programu nyingine huhesabu kwa upande wa mwenye zamu, kwa hiyo angalia mpangilio wako kabla hujaanza kulia. Zamani tulifundishwa kwamba 1.00 ni thamani ya askari mmoja. Tangu Stockfish 15.1 ya mwaka 2022 maana yake ni nyingine: 1.00 ni nafasi ambayo injini, ikicheza na injini mwenzake, ina uwezekano wa asilimia 50 wa kushinda. Injini mwenzake, jamani, si wewe na mimi tuliobakiwa na dakika mbili kwenye saa.

Na ule ugomvi wa Jumamosi? Hakuna simu yenye akili kuliko nyingine. Moja ilikuwa imefika kina cha 18, nyingine 27, yaani moja ilikuwa imetazama hatua nyingi zaidi mbele. Zingepewa muda zingekaribiana.

4. Linganisha maandishi yako na mistari yake. Hapa nitakaa kidogo, na nitatumia mtego wa zamani unaoitwa wa Légal. Pangeni ubao.

Nyeupe askari e4, nyeusi askari e5. Farasi f3, askari d6. Askofu c4, askofu g4. Farasi c3, askari g6. Sasa farasi wa f3 anamla askari wa e5 na kumwacha malkia wake wazi. Nyeusi akiingiwa na tamaa akamla malkia pale d1, askofu wa nyeupe anakula f7, cheki. Mfalme hana pa kwenda ila e7. Farasi wa c3 anaruka d5, mati: mfalme kanaswa, mchezo umekwisha.

Mtoto akiona hivyo kwa mara ya kwanza hulala nao kichwani. Halafu anaitia nafasi ile kwenye injini, na injini haionyeshi mati. Inaonyesha nyeusi anamla farasi kwa askari wa d6, malkia wa nyeupe anamla askofu g4, nyeupe kazidi askari mmoja, basi. "Kocha, mashine imeshindwa kuona!" Imeona. Imemwona malkia akiliwa na imeona mati, ikaiacha njia hiyo kwa sababu nyeusi ana njia ya kupoteza kidogo zaidi. Injini haitegei mtu. Kila mara humchukulia mpinzani wako kuwa hodari kama yenyewe, na ukilielewa hili umeelewa nusu ya mambo inayokuambia.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Rudi nyuma, na badala ya kusogeza askari g6, nyeusi alete farasi c6. Cheza mtego ule ule. Mimi niliucheza hivyo mbele ya watu kwenye mashindano, dhidi ya binti wa sekondari, huku nikitabasamu. Binti hata hakumtazama malkia wangu. Farasi wake wa c6 akamla farasi wangu pale e5, na farasi huyo huyo sasa anamlinda askofu wa g4 na kumtisha askofu wangu wa c4. Nimepoteza farasi kwa askari mmoja, na tabasamu limekwisha.

Usiku ule nilifungua injini nikaona namba imeanguka. Namba haikunifundisha kitu. Kilichonifundisha ni daftari, ambako nilikuwa nimeandika: "mtego unafanya kazi kila askofu akiwa g4." Uongo! Unafanya kazi kama hakuna anayemlinda askofu huyo kupitia e5. Sentensi hiyo niliipata kwa kuweka wazo langu kando ya mstari wa mashine, na tangu siku ile sijaanguka tena hapo.

5. Bishana nayo. Kama huelewi kwa nini hatua yako ni mbaya, icheze pale pale kwenye ubao wa simu na uone itakavyokujibu. Kisha tafuta jibu lako, uendelee hivyo hatua tano au sita. Mara nyingi ukweli umejificha mwisho wa mstari, na mwanzoni huoni chochote cha kutisha.

6. Funga simu. Andika sentensi moja kwa kila sehemu uliyochagua, kwa maneno yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Dereva wa boda, Bugembe: Kocha, simu yangu ni ya bei chee. Nikiwasha Stockfish inapata moto kama pasi na chaji inakwisha kabla ya saa moja. Si bora ningoje ninunue nyingine?

Usinunue, ssebo, labda kwa sababu nyingine. Mwaka 2009 Pocket Fritz 4, programu ya simu, iliingia mashindano ya Copa Mercosur kule Buenos Aires ikapata pointi 9.5 katika michezo 10. Ilikuwa inapima nafasi zisizofika 20,000 kwa sekunde. Linganisha na zile milioni 200 za Deep Blue. Nguvu ya injini si mbio tu, ni kujua kipi cha kupuuza. Ipe sekunde thelathini kwa kila nafasi, kisha isimamishe. Kwa makosa yetu sisi, sekunde tano zinatosha.

Mwanafunzi, Mbale: Nimesikia AlphaZero ilijifundisha yenyewe na kuifunga Stockfish. Kwa nini basi bado tunatumia Stockfish?

Ni kweli. Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ilitangaza kwamba AlphaZero, iliyopewa sheria za mchezo tu ikajifunza kwa kucheza na nafsi yake, ilicheza michezo 100 na Stockfish 8: ilishinda 28, sare 72, haikupoteza hata mmoja. Watu walilalamika kuhusu masharti, kwa mfano muda wa dakika moja kamili kwa kila hatua. Lakini AlphaZero haikutolewa kwa umma, huwezi kuipakua. Wapenzi wa chesi wakajitengenezea Leela Chess Zero kwa njia hiyo hiyo, na mwaka 2020 Stockfish nayo ikaingiziwa mtandao wa neva (programu inayojifunza kutokana na mifano), mbinu iliyoanzia kwenye shogi, chesi ya Wajapani. Stockfish ya leo si ile iliyofungwa.

Mama wa wachezaji wawili, Busia: Wanangu hawataki tena kucheza wao kwa wao. Kila mmoja na injini yake, wanafungwa kutwa nzima na wanafurahi tu.

Dada yangu, wakifungwa na kitu kisichokosea hawajifunzi kuadhibu makosa. Warudishe ubaoni. Phiona Mutesi na wenzake pale Katwe, Kampala, walianza kwa kocha Robert Katende na kikombe cha uji, wakifungana wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 2010 Phiona alikuwa Khanty-Mansiysk, Urusi, kwenye Olimpiadi ya chesi. Injini waipate Jumapili jioni, wakiwa na daftari.

Mzee, Bombo: Kijana wangu, hii mashine haikosei kabisa?

Shikamoo mzee. Zikibaki kete saba au pungufu, wafalme wakihesabiwa, jibu limekwisha kuhesabiwa lote na kuhifadhiwa. Kuna nafasi moja ambamo mati inachukua hatua 549. Zikizidi hapo, injini inakadiria. Injini za zamani zilikuwa zikiona mfalme, askofu wa mraba mweupe na askari wa h dhidi ya mfalme mtupu, zinafurahia ushindi, kumbe mfalme mweusi akishakaa kona ya h8 hatoki na mchezo ni sare. Siku hizi hilo wanalijua. Ila maboma yaliyofungwa kwa askari pande zote bado huzidanganya: utaona jumlisha tatu, unasogeza nusu saa, namba haipandi wala haishuki. Ukiona hivyo, shuku sare.

Mwanachama mpya, Arua: Kwenye mashindano naruhusiwa kuwa na simu ikiwa imezimwa mfukoni?

Mfukoni hapana. Ikigundulika unapoteza mchezo hata kama hukuigusa. Mwaka 2019 grandmasta mmoja (hicho ndicho cheo cha juu kabisa cha wachezaji) alinaswa na simu chooni kule Strasbourg, akavuliwa cheo. Kama huna pa kuiacha, muulize mwamuzi kabla ya raundi kuanza kama inaweza kukaa kwenye begi ikiwa imezimwa. Hapa Walukuba tunatumia kapu la nyanya, na kuanzia Jumamosi hii watazamaji nao wataweka zao humo.