Kabla hujakamatwa: mambo ya kuzingatia kwa watetezi wa haki Kenya na Tanzania

Hatari kubwa kwa mtetezi wa haki iko kwenye yale masaa ya kwanza, kabla wakili hajamwona na kabla jina lake halijaandikwa popote. Karibu kila kilichomo humu kinalenga kuyafupisha masaa hayo. Wala isidhaniwe kwamba kufikishwa kituo rasmi ndiyo usalama. Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu wa Kenya, alikamatwa Homa Bay tarehe 7 Juni 2025, akasafirishwa hadi Kituo Kikuu cha Polisi Nairobi, na kesho yake alikuwa amekufa. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha alipigwa na kukabwa shingo.

Anza na watu. Unahitaji mawakili wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa safarini, au naye akashikiliwa hapo hapo alipokuja kukuulizia. Barua ya kuwapa kazi itiwe sahihi mapema, ili askari wa kaunta asipate kisingizio cha kusema hujamtuma mtu. Halafu awepo mtu mmoja wa karibu atakayeanza kupiga simu. Namba za hao watatu uziweke kichwani, maana simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa. Kubalianeni pia kimya cha muda gani kinatosha: kama ulisema utatuma neno saa 2 usiku, basi saa 4 watu waanze kutafuta, bila kungoja asubuhi na bila kujipa moyo kwamba labda chaji imekwisha.

Wanaoishi nawe nao wajue la kutazama. Mahakama haiendi kwa tetesi, na wakili akifungua maombi ya haraka anahitaji kiapo cha aliyeona kwa macho yake. Namba ya gari (kama ilifunikwa, hilo nalo liandikwe), aina na rangi yake, watu wangapi, walijitambulisha vipi, walitaja kituo gani, ilikuwa saa ngapi, walielekea wapi, na wewe ulivaa nini. Yaandikwe ndani ya nusu saa, kila shahidi kwenye karatasi yake. Wakikaa kwanza kusimuliana, maelezo yatafanana mpaka hakimu ayashuku.

Kituoni jibu la kawaida ni "hatuna mtu huyo". Ndugu aliyekwenda asibishane, lakini pia asiondoke mikono mitupu. Aandike jina la askari wa kaunta, aombe taarifa yake iingizwe kitabuni, na aondoke na namba: OB kwa Kenya, RB kwa Tanzania. Baadaye namba hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba polisi waliulizwa saa fulani na wakakana. Mbinu ya zamani nayo bado inasaidia: peleka chakula na shati safi, ukitaja jina lake kamili. Askari wa zamu ambaye hakuelekezwa aseme nini anaweza kupokea, na akipokea umeshajua mtu wako yumo. Vituo vya jirani navyo vizungukiwe, kwa kuwa watu huhamishwa usiku. Na yeyote atakayepiga simu akidai yuko naye, atumiwe pesa ndiyo aseme, asitumiwe hata shilingi. Matapeli hufuata majina yanayosambaa mitandaoni.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya masaa 24, ila yakiishia nje ya saa za mahakama, mwisho unasogea hadi siku ya mahakama inayofuata. Hapo ndipo unapoona kwa nini Ijumaa jioni inapendwa sana na wakamataji. Hakikisha mmoja wa mawakili wako ni mtu anayepokea simu Jumamosi. Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, nayo inataja masaa 24, kwa maneno yenye mwanya mkubwa zaidi. Muda ukipita, njia ni Mahakama Kuu: maombi ya mtu aletwe mbele ya jaji, ambayo mawakili huyaita habeas corpus. Hayamfungui mtu papo hapo, lakini humlazimisha afisa mwenye jina na cheo kujibu. Watu watatu waliochukuliwa Kitengela, Kenya, Agosti 2024 waliachiwa tarehe 20 Septemba, wiki moja baada ya kaimu Inspekta Jenerali wa polisi kuhukumiwa miezi 6 kwa kudharau wito wa mahakama.

Nyumbani, ondoa kumbukumbu za maandamano. Maganda ya risasi na makopo ya mabomu ya machozi yapigwe picha yalipoanguka, yasibebwe. Boniface Mwangi, mwanaharakati wa Kenya, alipokamatwa Julai 2025, alichoshtakiwa hatimaye ni kumiliki risasi kinyume cha sheria, shtaka alilolikana. Upekuzi ukifanyika, awepo shahidi asiye askari, mathalani mjumbe au jirani, na hati ya vitu vilivyochukuliwa iorodheshe kila kifaa pamoja na namba yake ya utambulisho. "Simu mbili" haitoshi: kesho italetwa mahakamani simu usiyoijua. Nakili namba hizo leo, uziache kwa wakili.

Simu iwe na nywila ndefu badala ya alama ya kidole au sura, kwa sababu kidole chako kinaweza kubanwa juu ya kioo. Ukiona mambo yanaharibika, izime kabisa. Iliyozimwa ni ngumu zaidi kufunguliwa kuliko iliyofungwa tu kioo. Wenzako wakutoe kwenye makundi ya WhatsApp na Signal mara moja. Kufuta mafaili baada ya kukamatwa ni jambo jingine: linaweza kuzaa shtaka la kuharibu ushahidi, kwa hiyo usafi ufanywe kila wiki, siku za amani.

Maelezo ya onyo, yaani yale polisi wanayoandika kwa mshukiwa baada ya kumwonya kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, ndiyo karatasi inayowaponza wengi. Tanzania, mahojiano yana kikomo cha masaa manne tangu kukamatwa, isipokuwa muda ukiongezwa kwa utaratibu wa sheria, na maelezo yaliyochukuliwa nje ya hapo hupingwa mahakamani. Kwa hiyo saa ya kuanza na ya kumaliza lazima zionekane. Soma kila ukurasa, piga mstari kwenye nafasi zilizoachwa wazi, usitie sahihi karatasi tupu hata ukiahidiwa kwenda nyumbani. Haki ya kunyamaza mpaka wakili afike unayo nchi zote mbili.

Kuhusu dhamana, Tanzania bahasha yako iwe na nakala za vitambulisho vya NIDA vya wadhamini wawili na barua zao za serikali ya mtaa zenye picha na mhuri; anza mapema, maana mtendaji akikosekana ofisini siku inapotea. Kenya, mdhamini awe na hati ya shamba au kitabu cha gari, na pesa yoyote inayolipwa kituoni itolewe risiti. Lakini Tanzania kuna mashtaka yasiyo na dhamana. Erick Kabendera, mwandishi wa habari wa huko, alichukuliwa Julai 2019, akahojiwa kwanza kuhusu uraia wake, kisha akashtakiwa kwa makosa yakiwemo utakatishaji fedha, akakaa mahabusu hadi Februari 2020. Basi vyeti vya kuzaliwa vya wazazi, marejesho ya kodi na risiti za ufadhili vipangwe kama vile mkaguzi anakuja kesho.

Afya: muone daktari sasa, upate barua ya hali yako na dozi unazotumia. Insulini, ARV na pampu ya pumu viwe na akiba kwa mtu wa kuvipeleka. Ukitoka, hospitali kwanza, mkutano na waandishi baadaye. Mkojo wenye rangi ya kola baada ya kipigo ni dalili ya misuli iliyopondwa kuathiri figo. Huo ni dharura. Baada ya ukatili wa kingono, dawa za kuzuia VVU zianzwe ndani ya masaa 72 na zinywewe siku 28. Usioge kwanza, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana plastiki hutunza unyevu na unyevu huharibu ushahidi. Michubuko ipigwe picha pembeni mwa rula, kisha tena siku ya pili na ya tatu, inapokolea. Nyayo za miguu nazo zipigwe picha, zisisahaulike. Fomu ya polisi inayojazwa na daktari ni P3 Kenya, PF3 Tanzania.

Anayevuka mpaka aache ratiba kwa ubalozi wake na awe na wakili wa kule anakokwenda. Mwangi na Agather Atuhaire, mwanaharakati na mwandishi wa habari wa Uganda, walishikiliwa Dar es Salaam Mei 2025, walipokwenda kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani Tanzania. Mwangi akatupwa Ukunda, pwani ya Kenya, Atuhaire akatupwa Mutukula, mpakani na Uganda, wote wakisema waliteswa. Walifungua shauri Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, mwezi Julai. Mahakama hiyo hupokea shauri ndani ya miezi miwili tu tangu tukio, na siku hizo zinahesabika hata ukiwa bado kitandani hospitali.