Somo: Kutafuta ufadhili wa mradi wa afya na elimu ya watoto, hatua kwa hatua

Habari zenu wandugu wa Mombasa na Pwani yote. Wengi mnaniuliza pesa za miradi ya watoto zinapatikana wapi, kuna wenye chekechea huko Mtongwe, kuna wanaopima watoto uzito Kisauni na hata mizani ni ya kuazima, na kila mtu anataka nimpe majina ya wafadhili. Majina ntawapa, lakini kwanza mnijibu hili: mtoto yupi, ana shida gani, yuko mtaa upi? Ukiweza kulijibu hilo vizuri basi kazi kubwa umeimaliza, manake mfadhili hatoi pesa kwa sababu una roho nzuri, anatoa kwa sababu umemuonyesha shida anayoweza kuiona na kuihesabu.

Hatua ya 1: Pata ushahidi wa mtaani kwako

Hapa ndo vikundi vingi huanguka. Mtu anaandika "watoto wengi wa Pwani wana utapiamlo" halafu anaomba milioni mbili. Wengi ni wangapi? Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulisema asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kilifi, jirani zetu hapo tu, ni asilimia 37, ndo juu kabisa nchi nzima. Namba hiyo nzuri kwa kufungulia maelezo, ila haisemi chochote kuhusu mitaa yetu kama Bangladesh kule Jomvu ama Ziwa la Ng'ombe, na mfadhili anajua hivyo. Kwa hivyo nenda zahanati ya karibu, jitambulishe kwa nesi msimamizi, uliza kwenye rejista ya kiliniki ya watoto ni wangapi walianza chanjo mwaka uliopita na wangapi walimaliza ile ya surua. Usiombe majina ya watoto, omba hesabu tu. Nenda shule ya msingi, muombe mwalimu mkuu mahudhurio ya muhula mmoja. Ongea na wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba, wao wanajua mlango gani kuna mtoto hajaletwa kiliniki. Wakiwa na ile tepe ya kupima mzunguko wa mkono wa juu, mtoto wa miezi 6 hadi 59 aliye chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo, na chini ya 11.5 ni hali mbaya anatakiwa hospitali hiyo hiyo siku. Ukija na "tulipima watoto kadhaa mtaa huu na hawa walikuwa chini ya 12.5, na hivi ndivyo tulivyowapeleka" umeshawazidi wengi walioandika kurasa ishirini za maneno matamu.

Na mnaofanya elimu msidhani afya haiwahusu. Kuna utafiti uliofanyika hapa hapa Kenya, Busia, wa Edward Miguel na Michael Kremer, ulichapishwa 2004, watoto walipewa dawa za minyoo shuleni na utoro ukapungua kwa karibu robo. Kremer baadaye akapata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na wenzake. Mimi huwaambia watu kila mara, ukitaka mtoto akae darasani angalia tumbo lake, damu yake, macho yake na masikio yake, na ukiliandika hivyo unaweza kuwaendea wafadhili wa afya na wa elimu kwa mradi mmoja.

Hatua ya 2: Makaratasi

Hii haina mengi. Kikundi kisajiliwe ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, na mkitaka kuwa shirika kubwa zaidi kuna sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, ya 2013 lakini ilianza kutumika Mei 2024. Cheti kisiwe kimeisha muda. PIN ya KRA, yaani namba ya kodi, iwe ya kikundi, si ya mwenyekiti. Akaunti ya benki kwa jina la kikundi yenye wasaini watatu na wawili lazima wasaini kila pesa ikitoka. Katiba, kumbukumbu za mikutano, na karatasi ya sera ya kuwalinda watoto, hii ya mwisho wengi hawana na mfadhili wa watoto huiuliza mapema kabisa.

Hatua ya 3: Jua mlango wa serikali ni upi

Katiba ya 2010 iligawanya kazi. Chekechea ni ya kaunti, zahanati na hospitali nyingi pia ni za kaunti, lakini shule ya msingi na walimu wake ni serikali kuu. Sasa mtu anajenga darasa la chekechea halafu anakimbilia ofisi ya mbunge, anazungushwa miezi mitatu na hakuna mtu anamwambia kwa nini. Nenda kwa wenye kazi, uombe barua ya kuunga mkono mradi. Barua hiyo haina pesa lakini mfadhili akiiona anajua mradi hautakufa yeye akiondoka, kwamba nesi ataletwa na kaunti, kwamba choo kitakuwa na mwenyewe.

Hatua ya 4: Sasa wafadhili

Anza karibu. Ofisi ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti ina mfuko wa serikali uitwao NGAAF, na NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, hujenga madarasa ya shule za msingi na kutoa basari. Wakfu wa Safaricom wana afya na elimu kati ya mambo yao makuu. Kuna KCDF, hili ni shirika la Wakenya lipo tangu 1997, na napenda vile wanawauliza jamii wenyewe wanachangia nini.

Rotary, ule mtandao wa kimataifa wa vilabu vya watu wanaojitolea, watu wengi hawaijui vizuri. Afya ya mama na mtoto iko kwenye orodha yao, elimu ya msingi iko, na vilabu viko hapa hapa Mombasa. Ruzuku yao ya kimataifa bajeti haiwezi kuwa chini ya dola 30,000 na lazima kilabu cha hapa kishirikiane na cha nje, kwa hivyo wewe huombi moja kwa moja, unaenda kwenye kilabu, unajuana na watu, wanakuja kuona. Inachukua muda. Kama mradi wako ni wa laki mbili usiwasumbue na hiyo ruzuku, waulize kama kilabu chenyewe kinaweza kusaidia kidogo.

Balozi nazo zina pesa ndogo ndogo. Japani wana mpango wao wa miradi ya mashinani, hupenda vitu vya kushikika kama madarasa, wodi, vifaa, na hawalipi mishahara wala gharama za kila siku. Australia wana mpango wa misaada midogo unaopokea maombi kwa vipindi. Na nje ya balozi kuna Global Fund for Children ambao kazi yao ni kusaidia mashirika madogo ya mtaani yanayohudumia watoto.

Kabla ya kuandika kwa yeyote soma kwenye tovuti yao walimpa nani mwaka jana, kiasi gani, nchi gani. Kama hawajawahi kumpa mtu wa saizi yako achana nao upesi. Afadhali maombi matatu yaliyokaa sawa kuliko thelathini ya kukopi.

Hatua ya 5: Andika

Anza na konsepti noti ya kurasa mbili: shida na namba zako, mtafanya nini, watoto wangapi, muda gani, pesa ngapi, mtajuaje kama imefaulu. Lugha nyepesi. Ukiahidi kwamba watoto wote wa Likoni watamaliza chanjo hakuna atakayekuamini, ahidi kijiji kimoja na useme utaanzia wangapi na kufikia wangapi. Bajeti iende na bei za kweli, nenda Kongowea ama Biashara Street uulize, chukua bei iliyoandikwa na kugongwa muhuri wa duka. Mchango wenu pia uandikwe, kiwanja, masaa ya kujitolea, chumba cha msikiti au kanisa, hivyo vyote vina thamani na viko halali kuhesabiwa.

Hatua ya 6: Wakikubali

Risiti zote, ripoti kwa wakati, na kama kitu kimeharibika sema mapema kabla mfadhili hajasikia kwa mwingine. Wakikataa waandikie kwa adabu uulize sababu, wengine hujibu vizuri sana.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Majengo: Mwalimu, sisi tuna madrasa yenye darasa la watoto wadogo, je tunaweza kuomba au watasema ni mambo ya dini?

Jibu: Mnaweza, mama. Tena Mombasa ndo kulikoanzia mfano mkubwa wa jambo hilo. Mwaka 1986, baada ya viongozi wa Kiislamu wa Pwani kuomba msaada, Aga Khan Foundation ilianza kufadhili mpango wa chekechea za madrasa, na Bi Swafiya Said akawa ndiye wa kuzunguka akiwafunza walimu kina mama wa mitaani. Baadaye ukaenda Zanzibar na Uganda. Wenyeji walitoa majengo na kamati, mfadhili akaleta mafunzo na usimamizi. Nyinyi andikeni sehemu ya elimu ya awali na afya ya watoto, mtenganishe hesabu zake na za madrasa, na mseme wazi watoto wa mtaa wote wanakaribishwa kama ndivyo ilivyo.

Kijana wa Changamwe: Kuna jamaa anasema atatuandikia propozali bure halafu achukue asilimia 10 pesa zikiingia. Tukubali?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Wafadhili wengi hawaruhusu pesa za watoto zilipe kamisheni, na mkilificha hilo kwenye hesabu ni udanganyifu. Kama mnahitaji mwandishi mlipeni ada mliyopatana kutoka mfuko wenu. Na yeyote anayewaomba "ada ya usajili" ili mpewe ruzuku, mkateni hapo hapo.

Mhamasishaji wa Jomvu: Mradi wetu ulikuwa unalipwa na pesa za Marekani zikakatika 2025, tufanyeje na watoto bado wako?

Jibu: Pole sana, wengi mmeumia na naskia uchungu nikiwaza hao watoto. USAID, lile shirika la misaada la Marekani, ilisimamishwa Januari 2025 na kufungwa rasmi Julai, kwa hivyo msikae mkingoja irudi. Gaweni mradi vipande. Kile ambacho ni kazi ya kaunti, kama chanjo na kupima, kipelekeni rasmi kwa ofisi ya afya ya kaunti ndogo kwa barua, mkiwa na orodha ya huduma zilizosimama. Kilichobaki, labda usafiri wa mama ama uji wa watoto, kitafutieni wafadhili wadogo wawili au watatu, asiwe mmoja tena.

Dada wa Likoni: Tukiweka picha za watoto kwenye propozali si ndo wataona shida?

Jibu: Muulize mzazi kwanza, kwa maandishi. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na mtoto mgonjwa ama aliyevua nguo asipigwe kabisa. Tumia picha ya jengo, ya kina mama kwenye foleni ya kiliniki wakiwa wamekubali, ya mikono inayopima. Mfadhili makini akiona mtoto amedhalilishwa kwenye karatasi yenu ataanza kuwatilia shaka nyinyi.

Mwalimu wa Mvita: Sina kikundi, ni mimi tu na watoto 40 wa kusoma jioni, naweza kuomba?

Jibu: Kwa jina lako pekee ni vigumu sana. Njia mbili: utafute wenzako muandikishe kikundi, sheria inataka watu wasiopungua kumi na wazazi wa hao watoto ni mahali pazuri pa kuanzia, ama uende kwa shirika lililosajiliwa lenye akaunti na hesabu safi likubebe, mfadhili aandike kwao na nyinyi mkubaliane kwa maandishi pesa zitafikaje. Ukipata wazazi watano wa kwanza niandikie, ntakutumia mfano wa katiba.