Kuanza Uvegani kwa Chungu Ulichonacho

Ugumu wa kwanza wa kuwa vegani katika nchi zetu si chakula, bali ni neno. Sehemu nyingi za bara, mboga ni kitu chochote kinacholiwa pamoja na ugali, na ndiyo maana mtu husema bila kukosea kwamba leo mboga ni nyama ya ng'ombe. Kwa hiyo anayetangaza kwamba siku hizi anakula mboga tu hajasema lolote. Anayesema kwamba ameacha nyama naye huletewa kuku, kwa sababu kwa wengi wetu nyama ni ya ng'ombe au ya mbuzi, kuku ni kuku, samaki ni samaki, na dagaa ndiyo kabisa hawahesabiwi. Kabla ya kubadili chochote jikoni, basi, ni vyema msomaji ajue kwa hakika anachokusudia kukiacha.

Vegani hali nyama ya aina yoyote, samaki, dagaa, mayai, maziwa na vitokanavyo na maziwa, yaani mtindi, siagi, jibini na samli, wala hali asali. Neno lenyewe lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipoanzisha jumuiya ya Vegan Society ili kujitofautisha na watu walioacha nyama lakini wakaendelea kunywa maziwa na kula mayai. Jumuiya hiyo hueleza uvegani kuwa ni kujiepusha na kuwatumia wanyama kadiri inavyowezekana na kutekelezeka, na maneno hayo ya mwisho ni muhimu kwa anayeanza. Dawa aliyoandikiwa mgonjwa ikiwa ndani ya kapsuli ya jelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, aimeze.

Jambo ambalo wanaoanza hulichelewa kuligundua ni kwamba sehemu kubwa ya chakula chetu cha kila siku tayari ni cha kivegani, au kilikuwa hivyo kabla ya mtu kutia kijiko cha samli. Makande, maharage ya nazi, mbaazi, kunde, choroko, dengu, njugu mawe, kisamvu, matembele, mchicha, bamia, mlenda, wali wa nazi, ugali, mihogo, magimbi, ndizi za kupika na viazi vitamu vyote vinatosha kuanzia. Anayekwenda dukani kutafuta maziwa ya lozi na soseji za mimea kutoka nje ya nchi atatumia fedha nyingi, na baada ya mwezi mmoja atasema kwamba uvegani ni wa matajiri, ilhali kosa lilikuwa ni kuupita mlango wa soko.

Ushauri wangu ni kubadili mlo mmoja mmoja badala ya kuacha kitu kimoja kimoja. Anayeacha nyama leo na maziwa mwezi ujao huishi akihesabu alichonyimwa, lakini anayeanza na kifungua kinywa hupata mlo mzima uliokamilika na kuuzoea. Kifungua kinywa pia ndicho chepesi kuliko vyote: chai ya rangi yenye tangawizi, iliki au mchaichai, pamoja na mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu au vitumbua vilivyopikwa kwa mchele na tui. Mbaazi za nazi kwa mahamri, chakula cha asubuhi kinachopendwa sana Mombasa, ni cha kivegani kabisa ikiwa mahamri yamekandwa kwa tui na si kwa maziwa au mayai, jambo ambalo ni lazima uliulize. Asiyeweza kuachana na chai nzito anaweza kuloweka korosho zilizovunjika, ambazo huuzwa kwa bei nafuu kuliko nzima, kwa saa nne hivi, kisha azisage kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji hadi zilainike kabisa. Maziwa hayo yatiwe kwenye chai mwishoni, yasiachwe yachemke sana, kwani huwa mazito haraka na kushika chini ya sufuria.

Asubuhi ikishatulia, hamia kwenye chakula cha mchana, na cha usiku kifuate. Wiki mbili au tatu kwa kila hatua zinatosha. Kunde na maharage yaongezwe kidogo kidogo, kwa maana tumbo lisilozoea hujaa gesi, na wengi wamerudi kwenye nyama kwa sababu ya gesi, wala si kwa sababu ya hamu.

Mlo wa kwanza ninaopendekeza kuuzoea ni maharage ya nazi, kwa kuwa hakuna anayeyala akahisi amepungukiwa. Loweka nusu kilo usiku kucha, na asubuhi uyamwage maji hayo, kwani kuloweka hupunguza gesi na pia hupunguza zile kemikali za kwenye nafaka na kunde zinazozuia mwili kufyonza madini. Tia maji mapya, yachemshe kwa moto mkali kwa dakika zisizopungua 10, hasa maharage mekundu, ambayo yasipoiva vizuri huumiza tumbo, kisha upunguze moto hadi yalainike. Sasa kuna nazi mbili za kukuna. Mbuzi pekee mwenye ruhusa ya kubaki katika jiko la vegani ni mbuzi ya kukunia nazi, na ni vyema aheshimiwe, kwa sababu tui la pakiti halifikii lile lililokamuliwa muda huo huo. Kamua tui zito uliweke kando, kisha uyakamue machicha tena kwa maji upate tui jepesi. Maharage yachemke ndani ya tui jepesi pamoja na kitunguu, nyanya, bizari kidogo na pilipili nzima isiyopasuliwa. Mchuzi ukishaanza kuwa mzito, mimina tui zito na ukoroge kwa upole, upande mmoja, bila kuacha, mpaka lianze kuchemka. Ukiliacha peke yake litakatika na mafuta yataelea juu. Epua, ndipo ukamulie ndimu.

Kisamvu nacho kinastahili angalizo. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi, na kule kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu ambako bibi zetu hawakukubali kukufupisha ndiko kunakoitoa. Usikichume shambani ukakikaanga haraka haraka kama mchicha. Kikishaiva, karanga zilizosagwa na tui hukifanya mlo kamili.

Baada ya kujua cha kupika, kazi inayobaki ni kutambua mahali wanyama walipojificha. Samli hutiwa kwenye wali, chapati na hata maharage bila mtu kuona haja ya kusema. Mchicha hupikwa kwa dagaa waliosagwa, kisamvu kwa samaki mkavu, na vidonge na unga wa viungo vya mchuzi vinavyouzwa madukani mara nyingine huwa na mafuta au supu ya ng'ombe au kuku, kwa hiyo ni lazima kusoma maandishi madogo nyuma ya pakiti. Majarini nyingine huwa na maziwa, mikate laini ya dukani vilevile, na peremende nyingi za kutafuna zina jelatini. Kwa mama lishe, pilau huiva ndani ya supu ya nyama, hivyo kuchambua vipande na kuviweka pembeni ya sahani hakusaidii kitu. Mimi mwenyewe nilikula maharage ya kibanda kimoja kwa miezi miwili nikiyasifia, hadi siku niliyofika mapema nikakuta mfupa wa ng'ombe ukitolewa kwenye sufuria ile ile. Mpishi hakunidanganya, sikuwahi kumuuliza.

Kuhusu afya, protini ndiyo inayoulizwa sana na ndiyo isiyonitia wasiwasi. Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini, karanga zina takribani gramu 25, na soya hupita gramu 30. Anayekula kunde za aina yoyote kila siku pamoja na nafaka, kama ilivyo katika makande, hupata protini iliyokamilika bila kupiga hesabu. Anayepungua uzito asivyotaka aongeze karanga, nazi, parachichi na ufuta, kwa kuwa majani hujaza tumbo kabla ya kuupa mwili nguvu ya kutosha.

Wasiwasi wa kweli ni vitamini B12. Vitamini hii hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Mimea haina kiasi cha kutegemewa. Mwani, hata ule unaolimwa Paje, Zanzibar, si mbadala, wala ule unga wa kijani uitwao spirulina. Hatari yake ni kwamba ini huhifadhi akiba inayoweza kudumu kwa miaka kadhaa, hivyo mtu hujiona mzima na kuwacheka waliomwonya, kisha huanza kuchoka bila sababu, kuhisi ganzi miguuni na vidoleni, na kusahau sahau. Madhara kwa mishipa ya fahamu yakikaa muda mrefu huenda yasirudi nyuma. Isitoshe, anayekula majani na maharage kwa wingi hupata foliki nyingi, vitamini nyingine ambayo inaweza kuuficha upungufu wa damu unaoletwa na ukosefu wa B12 ilhali mishipa inaendelea kuharibika. Mtu mzima anayetegemea vidonge anashauriwa na Vegan Society kumeza mikrogramu zisizopungua 10 kila siku au 2,000 mara moja kwa wiki; kiasi cha wiki ni kikubwa hivyo kwa sababu mwili hufyonza sehemu ndogo tu ya dozi moja. Hili si jambo la kuahirisha mpaka dalili zionekane. Mwongozo huu wote ukisahaulika, aya hii ibaki.

Madini ya chuma yapo kwenye kunde, majani na ulezi, lakini mwili huyafyonza kwa shida kuliko yale ya kwenye nyama. Ndimu, embe, nyanya mbichi au kachumbari kwenye mlo huo huo husaidia sana kwa vitamini C yake, wakati chai huzuia, kwa hiyo chai isogezwe saa moja mbele au nyuma ya mlo wa kunde. Kalsiamu haipatikani kwenye maziwa tu: ulezi una zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100, na ufuta usiokobolewa unazidi hapo mbali, ingawa mchicha, pamoja na sifa zake zote, una oksaleti zinazoifunga kalsiamu yake isifyonzwe. Uji wa ulezi wenye karanga na ukwaju, kwa hiyo, hufanya kazi ambayo hakuna kopo la dukani linaloizidi. Pikia chumvi yenye madini joto, kwa kuwa aliyeacha samaki, maziwa na mayai amepoteza vyanzo vikuu vya madini hayo, na chumvi ya mawe inayouzwa kwa kupimwa mara nyingine haijatiwa.

Mjamzito, anayenyonyesha, na mzazi anayetaka kumlea mtoto mchanga kwa njia hii wasianze kabla ya kuzungumza na daktari au mtaalamu wa lishe. Vidonge ambavyo wajawazito hupewa kliniki kwa kawaida ni vya madini ya chuma na asidi ya foliki, si vya B12, na mtoto anayenyonya maziwa ya mama aliyepungukiwa naye hupungukiwa.

Mtihani mwingine ni watu. Mgeni anayekataa kitoweo huonekana amemkataa mwenyeji, na sababu inayokubalika haraka ni ugonjwa. Shangazi yangu aliniuliza, huku akinitazama usoni, "Mwanangu, daktari kakukataza?" Nilipomjibu, "Hapana, shangazi, nimeacha mwenyewe, mzima wa afya," alinyamaza, akaniongezea wali. Sishauri kudanganya kwamba unaumwa, kwani uongo huo utakufuata kwenye kila shughuli. Piga simu mapema, mweleze mpishi kwa kutaja kitu kimoja kimoja badala ya kutumia neno vegani, na ujitolee kwenda na bakuli la mbaazi litakalowatosha watu wengine pia. Penye Wasabato wengi, mazungumzo huwa rahisi, kwa sababu baadhi yao wameacha nyama tangu zamani.

Mkahawani, vyakula vya Kihindi visivyo na nyama hudhaniwa kuwa salama, kumbe vingi huwa na samli, mtindi au jibini ya paniri. Mikahawa ya Kiethiopia, ambayo Nairobi inayo mingi, inafaa zaidi: Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa kwa kuacha nyama, mayai na maziwa, na sinia yao ya mfungo iitwayo beyaynetu, yenye dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa kunde) na mboga za majani juu ya injera, mkate wao mwembamba wenye uchachu, hupikwa kwa mafuta ya mimea. Anayeona hatua za mlo mmoja mmoja hazimfai anaweza kuuiga mpango huo wa siku mbili kwa wiki.

Mavazi yasubiri. Viatu vya ngozi na mkanda ulio nao vitumie mpaka vichakae, maana kuvitupa hakumrudishii ng'ombe uhai. Ukifika wakati wa kununua vingine, angalia turubai, mpira na katambuga za matairi, ukihakikisha kwamba mikanda yake nayo ni ya mpira. Kwa mikoba, ukindu upo tele. Sabuni za mche na za kuogea nyingine hutengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe, na zile za nazi au mawese mara nyingi huandikwa hivyo kwenye karatasi yake. Mafuta ya kujipaka yenye nta ya nyuki nayo yana mbadala wa miaka mingi: mafuta ya nazi yaliyochemshwa nyumbani, kutokana na tui la nazi kama lile lile tulilotia kwenye maharage.