Kuitunza Mishipa ya Damu Baada ya Hedhi Kukoma

Mwanamke wa Ngamiani, Tanga, aliyeishi miaka mingi bila presha, kisha akapimwa miaka michache baada ya hedhi kukoma na kuambiwa imepanda, aghalabu hulaumu mawazo au chumvi, ilhali sababu mojawapo imo ndani ya mishipa yenyewe.

Utando wa ndani wa mishipa hutengeneza gesi ya oksidi ya nitriki kutokana na asidi amino iitwayo arjinini. Gesi hiyo hudumu sekunde chache tu, lakini hupenya hadi kwenye misuli ya mshipa na kuilegeza, mshipa ukatanuka, damu ikapita pasipo kusukumwa kwa nguvu nyingi. Ugunduzi huo uliwapatia wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Estrojeni, homoni ya kike, huamsha kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) kinachoitengeneza gesi hiyo. Hedhi inapokoma, kwa kawaida karibu na umri wa miaka 50, mchocheo huo hupungua na mishipa huanza kukakamaa.

Kimeng'enya hicho, hata hivyo, hakitegemei estrojeni peke yake. Damu inayokwenda kasi huusugua utando na kukiamsha, ndiyo maana inafaa kuanza na mwendo: dakika 150 kwa wiki, kwa kasi inayokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Tanga ni mji wa baiskeli, na anayekwenda nayo sokoni Mgandini, au anayetembea hadi Raskazone jua likipunga, hahitaji kulipia mazoezi popote.

Kisha tazama chunguni. Mchicha una naitreti, ambayo bakteria wa ulimini huigeuza kuwa naitraiti, na mwili ukaitumia kupata oksidi ya nitriki kwa njia isiyopitia estrojeni. Kwa kuwa naitreti huyeyuka majini, usiuchemshe mchicha na kuyamwaga maji yake. Upike kwa maji machache, au uache uivie kwenye tui jepesi. Dawa kali za kusukutua huwaua bakteria hao, basi usizitumie kila siku bila sababu. Papa na ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi (najua ni vigumu kumwambia mtu wa pwani aviache) viloweke, ubadilishe maji, wala usiongeze chumvi, kwani ya siku nzima haipaswi kufika gramu 5. Sigara haina la kujadiliwa: moshi wake huiharibu gesi na utando pia, tena huharakisha kukoma kwa hedhi.

Usijinunulie vidonge vya homoni kwa ajili ya moyo. Mwaka 2002 jaribio kubwa la Marekani la estrojeni pamoja na homoni nyingine, projestini, lilisitishwa kabla ya wakati, kwa kuwa madhara yalizidi manufaa. Daktari anaweza kuziandika kwa sababu nyingine, baada ya kukupima.

Unapopima presha, pumzika dakika 5 ukiwa umeegemea kiti, mkono usawa wa moyo, kibofu kitupu, na upime mara mbili. Vipimo vinavyorudi 140/90 au zaidi siku tofauti vinahitaji matibabu. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba amweleze daktari, maana hatari yake ni kubwa zaidi. Na maumivu ya kifua, taya au mgongo, pumzi kukata, kichefuchefu au uchovu wa ghafla usioeleweka, yasisubiri asubuhi: nenda hospitali saa ileile.