SOMO: Maji taka ya kusindika mazao, usiyafungulie shambani hivi hivi

Maji yanayotoka kwenye kumenya kahawa, kukamua mihogo au mawese yana potasiamu na mabaki ya mimea, ndiyo maana wengi huyaona ni mbolea ya bure. Halafu mazao yanageuka njano. Sukari na wanga wa kwenye maji hayo ni karamu kwa bakteria: wanazaliana kwa kasi, wanamaliza oksijeni ya udongoni na kunyang'anya mizizi naitrojeni.

Hatua ya 1: Tenga maji ya kuoshea mitambo. Kama imetumika kostiki soda (dawa kali ya kusafishia), yamejaa sodiamu, na hapa sina mzaha. Asidi utaituliza kwa chokaa, uozo utaisha ukisubiri, lakini sodiamu haiozi. Hutawanya chembe za mfinyanzi, vitundu vya udongo vinaziba, juu panafanya ukoko na maji hayanywewi tena. Kuiondoa kunataka jasi na maji safi mengi, tena penye njia ya kutokea.

Hatua ya 2: Chuja machicha, engua mafuta.

Hatua ya 3: Pima pH (kipimo cha uchachu; namba ikishuka, uchachu umezidi). Maji ya kahawa yaliyochacha huweza kushuka hadi 4 au chini yake. Tia chokaa kidogo kidogo, koroga, pima tena, ukilenga kati ya 6 na 7.5.

Hatua ya 4: Yaache bwawani, kwenye sakafu isiyovuja, hadi ukali wa harufu uishe. Ya mihogo yana sumu ya sianidi, kwa hiyo zungushia uzio mifugo isinywe.

Hatua ya 5: Panda mbegu kumi kumi kwenye makopo mawili, moja ulimwagilie maji safi, jingine haya. Mbegu za kopo la maji haya zikizidiwa sana kuota na zile za maji safi, rudi hatua ya 4.

Hatua ya 6: Mwagilia kidogo, kwa zamu, uache udongo upumue. Usimwage kwenye udongo uliolowa wala karibu na kisima.

MASWALI YA WANACHAMA

Nitajuaje sodiamu imeshaingia?
Tumbukiza donge kavu la udongo kwenye glasi ya maji ya mvua, usiitikise. Donge likibomoka na maji yakabaki maangavu, hiyo si sodiamu. Likizungukwa na ukungu kama maziwa, chembe zinatawanyika. Peleka sampuli maabara.

Nikichanganya na maji safi si yamekwisha?
Makali yanapungua, mzigo haupungui. Lita 100 za taka ukizichanganya na 900 safi kisha ukamwaga zote pale pale, chumvi iliyoingia ni ile ile. Hesabu kwa ukubwa wa eneo, siyo kwa wembamba wa maji.

Na yale yanayobaki baada ya kunereka spiriti ya miwa?
Hayo huitwa vinasi. Kila lita ya ethanoli huacha takribani lita 10 hadi 15, na Brazili huyarudisha kwenye mashamba ya miwa. Potasiamu yake ni nyingi, kwa hiyo punguza ile ya dukani. Ikizidi, mizizi hushindwa kuchukua magnesiamu ya kutosha.