SOMO: Kuchagua sehemu ya kuwinda elki Colorado (soma kabla hujanipigia)

Kila ikifika Agosti simu yangu haipumui, kaka niende wapi, kaka nielekeze. Naandika mara moja, ukiuliza tena nakutumia hii.

Elki ni jamii ya kulungu ila dume anafika kilo 300, hizo kilo zishike kichwani.

1. Cheti cha mafunzo ya uwindaji, kama umezaliwa 1949 kuja huku huna ujanja.

2. Kibali. Vya bahati nasibu vinaombwa mpaka mwanzoni mwa Aprili. Angalia namba ya kanda yako usivuke.

3. Ramani. Msitu wa taifa ruksa, shamba la mtu hapana mpaka akuruhusu, hata kama hujaona uzio wala kibao.

4. Kaa mbali na barabara. Mchana wanalala kwenye miti minene upande wa mlima unaotazama kaskazini, asubuhi na jioni wanatoka kula majani. Ukiona msitu mnene, uwazi na maji viko jirani, weka alama.

5. Nyama itatokaje. Hapa ndo niliharibu. Nilikuwa milima ya Flat Tops, hukohuko Colorado, Oktoba, nikaona dume korongoni, nikashuka kama mita 300 nikapiga, nikashangilia peke yangu kama chizi. Nikageuka kuangalia nilikotoka, gari liko juu huko. Nimekata mpaka saa tatu usiku, kubeba siku mbili, mchana jua kali, na paja la mwisho nililiacha na mfupa wake, kulifungua nyama ya karibu na nyonga imeshakuwa kijani inanuka. Nimetupa. Siku hizi naanza na gari: akiangukia hapa, nyama inapanda au inashuka? Mistari ya kontua (ile ya mwinuko kwenye ramani, ikibanana ujue ni mteremko mkali) ikibanana na gari liko juu, SIGUSI. Uko peke yako usizidi kilomita mbili. Na mfupa utoe usiku uleule, nyama tundika kivulini kwenye mifuko ya kitambaa.

Swali: Bro si unipe tu location yako
Jibu: Hapana. Namba 4.

Swali: Shikamoo kaka. Theluji ikiwa nyingi wanabaki hukohuko kaskazini?
Jibu: Marahaba, umeuliza la maana. Ikizidi wanahamia upande wa kusini ambako jua linayeyusha na majani yanaonekana, halafu wanashuka mabondeni, na huko chini mara nyingi ni mashamba ya watu. Kwa hiyo kama msimu wako ni Novemba tafuta msitu wa serikali wa chini chini, kwenye njia yao ya kushukia.

Swali: Sijasoma yote, naweza kwenda peke yangu?
Jibu: Soma yote.

Swali: Sisi Waislamu tunafanyaje?
Jibu: Ninayewinda naye anasema bismillahi kabla ya kufyatua, akimkuta bado anapumua anachinja. Zaidi muulize shehe wako. Ila beba visu viwili, ngozi ya elki inamaliza makali.

Swali: Na kupika je? Yangu ilikuwa kama kandambili
Jibu: Haina mafuta hiyo, ukiichoma kama mbuzi imekwisha. Paja lichemshe taratibu na tangawizi masaa matatu, ndo uunge nyanya.